Pampu ya Onelio

Watu wa kijiji cha La Yagruma waliipokea pancha kama msiba. Onelio Quesada aliipokea kama mgeni aliyemwandalia kiti tangu jana. Begani alikuwa na mfuko wa turubai usiomwacha hata akienda chooni, na ndani yake mlikuwa na kila kitu ambacho barabara ingeweza kumdai: viraka alivyokata kwenye tyubu kuukuu, kipande cha bati kilichotobolewa kwa msumari cha kukwaruzia mpira, gundi aliyoipika mwenyewe kwa soli za viatu na petroli, mipini ya vijiko ya kung'olea tairi, vimpira vya valvu, sindano nene na uzi wa nailoni wa kushonea tairi likichanika ubavuni. Juu ya yote, ikichungulia nje kama shingo ya bata, pampu.

"Onelio, kitanda umesahau!" walimtania kwenye foleni ya mkate.

"Chekeni tu. Mtakuja kunililia njiani, na mimi nitawauliza vitanda vyenu viko wapi."

Hawakukosea kumtania, na yeye hakukosea kuwajibu. Mafuta yalikuwa yamekatika nchi nzima, mabasi yamelala yakaota nyasi, na wakubwa wakagawa baiskeli za Kichina viwandani, chuma kizito cha kumvunja mtu mgongo, bila kugawa hata kiraka kimoja cha kuzisindikiza. Waliozigawa wao hawakuzipanda, lakini hayo tuyaache. Baada ya muda tyubu zote zikawa viraka juu ya viraka, na ikazuka desturi ambayo hakuna aliyeitangaza: pampu hainyimwi. Ukimkuta mtu kapindua baiskeli yake kando ya barabara, magurudumu juu, unasimama. Humjui, humpendi, una haraka zako, unasimama. Onelio alisimama kuliko wote. Kusema kweli alipenda kusimama. Alipenda kile kimya cha watu wakimtazama anavyofungua mfuko.

Kisha wakaja wezi, nao hawakuwa wajinga. Waliiona desturi ile wakaifanya mtego. Mmoja anapindua baiskeli na kupunga mkono, wenzake wanalala ndani ya miwa wakisubiri msamaria ashuke. Hivyo ndivyo alivyokufa Eusebio, mchomeleaji wa kiwanda cha sukari. Alikutwa mtaroni na pampu yake bado mkononi, baiskeli hakuna. Eusebio alikuwa rafiki wa Onelio tangu shule. Kwenye mkutano wa mtaa uliofuata mazishi, Onelio alisimama huku macho yamemwiva, akasema bila kuombwa.

"Kuanzia leo hasimami mtu. Akulilie, akuite kwa jina lako, awe anatoka damu, kanyaga pedeli upite. Wao wanaua kwa huruma yetu. Tuwanyime hiyo huruma tuone watakula nini."

Watu wakapiga makofi. Maneno yale yakapita kijiji hadi kijiji kwenye barabara yote ya kwenda mji wa Santa Brígida, na wizi ukapungua kweli. Kusimama nako kukaisha.

Mwaka haujapinduka, asubuhi moja ya kiangazi, pumu ikamshika Misleidys. Alikuwa binti wa kwanza wa Onelio, wa darasa la tatu, mwembamba, mwenye mdomo mkali kuliko mwili. Pumu walikuwa wameizoea. Huja, hupiga filimbi kifuani, hupewa dawa ya kuvuta, hupita. Safari hii haikupita. Muuguzi wa kijiji alilitikisa lile kopo dogo la dawa sikioni mwake, akalitikisa tena, akaliweka mezani.

"Limeisha tangu juzi," alisema. "Nilikuwa nasubiri mengine. Onelio, mpeleke Santa Brígida. Kule wana mashine ya mvuke na oksijeni. Usingoje gari, hakuna gari. Nenda sasa hivi."

"Atafika?"

"Ukifika mapema, atafika."

Zoraida, mkewe, alikuwa na kichanga kinachonyonya, hakuweza kwenda. Alimkalisha Misleidys kwenye keria, wakamfunga na baba yake kwa mikanda iliyokatwa kwenye tyubu, mgongo wa baba na kifua cha mtoto kitu kimoja. Akamtia mfukoni chupa ya maji ya sukari, ambayo mwaka ule ndiyo ilikuwa chai yetu, chakula chetu na dawa yetu. Akachomeka na panga la kukatia miwa ubavuni mwa mfuko, kwa sababu hakuna aliyeipita barabara ile mikono mitupu.

"Usimsimamie mtu, Onelio."

"Nimsimamie nani? Mimi nina kila kitu."

Alikanyaga pedeli kufa na kupona. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, miwa huku na huku imemzidi mtu kimo, na kila alipopumua alisikia pumzi ya pili nyuma yake, nyembamba, ikipiga filimbi. Filimbi ile ndiyo iliyokuwa saa yake. Ikipanda, anakaza. Ikishuka, anakaza zaidi, maana wenye watoto wa pumu wanajua kwamba kifua kinachonyamaza si kifua kilichopona.

"Unaonaje, mama?" alimuuliza. Alikuwa akimwita mama, kama baba wengi wanavyowaita binti zao.

Misleidys alimgonga mgongoni kwa kidole mara moja. Maneno alikuwa akiyawekea akiba.

Walipovuka daraja la mfereji gurudumu la nyuma likaanza kuyumba. Onelio alijua kabla hajashuka. Mwiba wa marabu, ile miti ya miba iliyoyavamia mashamba yaliyoachwa, ulikuwa umezama mpaka kichwani. Hakuogopa. Nitasema zaidi, alifarijika kidogo, kwa kuwa hili ndilo jambo alilolijua. Alimfungua mtoto, akamweka kwenye kivuli cha miwa, akapindua baiskeli, na mikono yake ikaenda yenyewe: mipini ya vijiko, tyubu nje, kukwaruza, gundi, kupuliza gundi ikauke, kiraka, kukandamiza kwa goti. Mtu angeweza kuimba wimbo mmoja tu na kazi ikawa imekwisha. Akairudisha tyubu, akafunga valvu, akachomeka pampu, akasukuma.

Mkono ulikwenda hadi mwisho bila kukutana na kitu. Akavuta, akasukuma tena. Pampu ilikohoa hewa nyuma, ikampuliza usoni.

Aliifungua. Ndani ya pampu, kwenye ncha ya ule mti unaosukuma, kuna kikombe kidogo cha ngozi, na ngozi ile lazima ilishwe mafuta, la sivyo haishiki hewa. Kikombe chake kilikuwa kimekauka na kupasuka pande mbili. Onelio alijua kwa nini. Siku zote alikuwa na kikopo cha mafuta ya nguruwe kwa ajili ya pampu tu, na mtu asikiguse. Wiki chache nyuma Misleidys alikataa wali. Wali wa maji, bila chumvi ya kutosha, bila maharage, bila chochote, usiku wa nne mfululizo, na mtoto akafunga mdomo akalia. Onelio aliinuka akaleta kikopo, akakwangua yote kwa kidole, akamchanganyia. Mtoto alikula akaramba sahani, na Zoraida akacheka kwa mara ya kwanza mwezi ule. Onelio alijiambia kwamba mafuta mengine yatapatikana nguruwe yeyote akichinjwa. Hakuchinjwa nguruwe.

Alikuwa amejiandaa kwa mwiba, kwa msumari, kwa kioo, kwa tairi kuchanika. Kujiandaa kwa njaa hakujua kunafanywaje, na hata sasa sijui nani anajua.

Alitemea mate kikombe kile akakisugua. Alikata ulimi wa kiatu chake, akautafuna ulainike, akaukata duara, akaubana kwenye ule mti. Pampu ikashika mara mbili, mara tatu, tairi likaanza kuinuka, halafu ngozi ikajikunja ndani na hewa yote ikarudi kumcheka. Akarudia. Akarudia tena, huku jasho likimwingia machoni na matusi yakimtoka kwa sauti ya chini.

"Baba," Misleidys alisema.

"Niko hapa, mama."

"Kitanda." Alivuta pumzi, mabega yakapanda mpaka masikioni. "Umesahau."

Onelio alicheka, na kicheko kikageuka kabla hakijatoka, ikabidi afute uso kwa mkono wenye gundi.

Basi akafanya kile ambacho watu wa miwa hufanya wakiishiwa yote. Alikata majani makavu ya miwa, akayasokota, akayashindilia ndani ya tairi badala ya hewa mpaka likawa gumu kama godoro la mkonge. Tairi la majani huenda, lakini halitaki mzigo wala halitaki haraka, na yeye alikuwa na vyote viwili. Akamfunga mtoto mgongoni, akapanda. Baiskeli iliruka na kugonga kila kokoto, na kila ilipogonga ile filimbi ilikatika kidogo kisha ikaanza tena.

Ilimfikisha mbali kuliko alivyotarajia, kwa hilo lazima isifiwe. Majani yaliposagika yakawa unga, tairi likachomoka, likajisokota kwenye fremu, na spoku zikaanza kukatika moja baada ya nyingine. Rimu ikajikunja mithili ya chapati. Wote wawili wakaenda chini. Onelio aligeuka hewani ili aangukie ubavu wake na mtoto awe juu, akachunika bega lote.

Akaiacha baiskeli pale pale. Mtu ambaye hakuwahi kuikokota baiskeli yake maishani aliitupa mtaroni bila kuigeukia, akambeba mtoto mgongoni, akaanza kutembea. Akajaribu kukimbia. Miguu yake ilikuwa na ugonjwa ule wa mwaka ule, ambao wakubwa waliuita wa mishipa na sisi tuliuita kwa jina lake, njaa: nyayo zinawaka moto na magoti hayana habari na mwenyewe. Alikimbia kidogo, akatembea, akakimbia kidogo, mpaka akafika chini ya kilima cha mwisho. Baada ya kilima kile barabara huteremka mpaka mjini bila kupinda, baiskeli huenda yenyewe bila hata kukanyaga. Onelio alikitazama kilima akajua kwamba hakipandi na mzigo ule. Hata bila mzigo alikuwa na wasiwasi.

Akasimama katikati ya barabara, mtoto ameketi kando, akaanza kupunga mkono.

Vijana wawili waliopakizana walimwona kutoka mbali, wakahama upande wa pili, wakapiga mluzi wakapita. Mwanamke mmoja aliyevaa sare ya kiwanda alipita ameinamisha kichwa, analia kwa woga kabla hata hajasemeshwa. Kisha akaja mwanamume wa makamo mwenye kofia ya majani, na yeye alifunga breki, mbali kidogo, mguu mmoja chini na mmoja kwenye pedeli.

"Una nini?" aliuliza kwa sauti ya juu.

"Mwanangu ana pumu! Nisaidie, ndugu yangu. Mpakize wewe mwenyewe, mimi nibaki. Mpeleke hospitali tu!"

"Baiskeli yako iko wapi?"

"Imevunjika, iko huko nyuma mtaroni."

"Mbona siioni?"

"Iko nyuma, nimekwambia! Mwangalie mtoto, midomo yake hiyo!"

Mwanamume alinyoosha shingo kumtazama mtoto. Alikuwa karibu kushuka, hilo Onelio aliliona wazi, goti lilikwishalegea. Halafu macho yake yakahamia kwenye mfuko wa turubai, na ubavuni mwa mfuko, kwenye mpini wa panga.

"Panga la nini?"

"La njiani! Kila mtu analo! Na wewe unalo, nakuona!"

"Ndiyo. Ndio maana bado niko hai." Akaweka mguu kwenye pedeli. "Siku hizi wana mpaka watoto. Kuna bwana mmoja wa La Yagruma alisema hasimami mtu, na yule ana akili."

"Mimi ndiye huyo bwana! Ndiye mimi, Onelio Quesada!"

"Basi unajua kwa nini naondoka," yule mtu alisema, akaondoka.

Onelio aliokota jiwe amtupie, akaliangusha. Hakuwa na haki hata ya kukasirika, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi. Akarudi kwa Misleidys. Filimbi ilikuwa imepungua. Ngozi kati ya mbavu zake ilizama kila alipovuta hewa, na midomo ilikuwa na rangi ya zambarau. Akampa maji ya sukari, yakamtoka pembeni.

Hapo likamjia wazo. Halikuja vipande vipande, lilikuja zima, na uzima wake ndio uliomtisha. Hakuna atakayemsimamia mwanamume. Lakini mtoto wa kike peke yake kando ya barabara, bila mtu karibu, huenda mmoja akamsimamia. Na mtu akishashuka, baiskeli iko mikononi mwake tu. Aliliona lote, hata mahali pa kulala ndani ya miwa, na akajua kwamba waliomuua Eusebio walikaa mahali kama pale wakafikiri hivyo hivyo. Akalichomoa panga.

"Mama, kaa hapa. Baba yuko karibu. Akija mtu usiogope."

Misleidys alimshika kidole. Hakuwa na pumzi ya kuuliza. Onelio alikichomoa kidole chake taratibu, akaingia kwenye miwa kinyumenyume, akilala kifudifudi, akimtazama mwanawe kupitia majani kama anavyotazamwa kuku aliyefungwa chambo.

Alikuja mwanamke. Alikuwa mtu mzima, mkavu, amevaa shati la kiume la mikono mirefu, na kwenye keria amefunga mkungu mzima wa ndizi za kupika. Mkungu wa ndizi mwaka ule! Mtu angeweza kuubadilisha kwa sabuni, kwa viatu, kwa kuku anayetaga. Alimpita mtoto. Alitazama miwa kushoto, akatazama kulia, akaenda mbele kidogo, akafunga breki. Alikaa vile amempa mtoto mgongo, mabega yakipanda na kushuka. Kisha akasema neno baya kwa sauti, akageuza baiskeli akarudi.

"Nani kakutupa hapa, mama? Eh? Nani kakufanyia hivi?" Alikwishapiga magoti, mkono kwenye kifua cha mtoto. "Mungu wangu, hiki kifua! Wangu wa pili alikuwa hivi hivi. Usiseme. Usiseme kitu, mpenzi. Pumua na mimi, polepole, hivyo hivyo, mama."

Onelio alikuwa na hatua chache tu kumfikia. Panga lilikuwa mkononi. Hakuweza kuinuka. Alimsikia akizungumza na mtoto kwa sauti ile ya jikoni, akamwona anasimama, anafungua kamba za keria, na mkungu wa ndizi unaanguka mavumbini, puu, naye hautazami. Akambeba Misleidys akamweka palipokuwa na ndizi.

Ndipo Onelio alipoinuka. Alitoka kwenye miwa machozi yanamtiririka, amefungua mikono, anataka kumpigia magoti mwanamke yule, anataka kumbusu miguu. Alisahau kwamba mkono mmoja una panga.

Mwanamke hakupiga kelele. Aliikamata baiskeli akaanza kuisukuma kilimani mbio, kisha akapanda akakanyaga, akiushikilia kiunoni mwake mkono mmoja wa mtoto.

"Ngoja!" Onelio alisema. "Mimi ni baba yake! Mpeleke hospitali, dada! Hospitali!"

Hilo lilikuwa kosa. Mwanamke aliposikia hospitali alipunguza, akageuza kichwa, baiskeli ikayumba, akaweka mguu chini.

"Unasema nini? Wewe ni nani?"

"Baba yake!"

"Baba gani anajificha kwenye miwa na panga? Usinisogelee! Nitamwingiza mtoto humu miwani, ututafute!" Na kweli alikuwa ameanza kumbandua mtoto kutoka kiunoni ili akimbie naye kwa miguu.

Onelio alikiona kilima kilivyobaki. Alimwona mwanamke mwembamba anavyotetemeka mapaja, na nyuma yake kichwa cha Misleidys kimelegea upande mmoja. Maelezo yangechukua muda. Atauliza, atajibiwa, hataamini, ataamini nusu, na kila swali ni pumzi ambayo mtoto hana. Hata akiamini, akiwa na utulivu wake, miguu ile isingempandisha mtu na mtoto kilima kile kwa haraka inayotakiwa. Nchi nzima ilikuwa haina petroli. Kilichobaki cha kumsukuma mtu mwenye njaa mlimani kilikuwa woga tu.

Akainua panga juu ya kichwa, akanguruma.

"Nitawakata wote wawili! Lete hiyo baiskeli, malaya wewe! Nawachinja wewe na huyo mtoto!"

Akakimbia kuelekea kwao. Mwanamke alipiga ukelele mmoja, akakanyaga. Akakanyaga kama kijana. Onelio aliwakimbiza kilima kizima, nyayo zinamwaka, akitukana kila tusi alilowahi kusikia kiwandani, akiwakaribia kila mwanamke alipolegea na kulipiga panga barabarani ili cheche zitoke asikie. Misleidys alikuwa amegeuka. Alimtazama baba yake njia nzima. Mkono wake mmoja ulikuwa umenyooshwa nyuma kumwelekea, na mwanamke aliudaka akaurudisha kiunoni mwake, bila kuacha kukanyaga. Onelio aliyaona macho ya mwanawe, na hakuacha kutukana.

Walipofika kileleni baiskeli ikashika mteremko, ikaenda. Alilirusha panga nyuma yao, mbali sana nao, kwa ajili ya mlio wake tu. Kisha akaketi barabarani.

Alikaa pale mpaka moyo ulipotulia. Akarudi chini ya kilima, akaukuta mkungu wa ndizi bado mavumbini, akauokota. Si wake, na mwenyewe aliutupa kwa ajili ya mtoto wa mtu asiyemjua. Kuuacha uliwe na panya aliona ni laana nyingine. Akauweka kwenye bega zima, akapanda kilima upya, akateremka kwenda mjini.

Walimkuta penye reli, mwanzo wa Santa Brígida. Wanaume wengi, wenye fito na vyuma, na mbele yao kijana mmoja mwenye mnyororo wa baiskeli umezungushwa ngumini.

"Ndiye huyu! Shati la bluu, bega lina damu, kama alivyosema yule mama. Na ndizi za watu kabeba, haya hana!"

Onelio aliuweka mkungu chini kwa uangalifu. "Mtoto," alisema. "Anapumua?"

Fito ilimpata mdomoni. Alitema damu, akauliza tena.

"Eti anapumua! Ulitaka asipumue?" Mnyororo ukamshukia begani. "Nimetoka hospitali sasa hivi, mshenzi wewe. Wamemweka kwenye mashine, na tangu apate hewa analia. Analia mpaka barabarani anasikika, kwa yale uliyomfanyia. Umeridhika?"

Onelio alifikiri. Mtoto aliyebanwa na pumu hana sauti ya kulia. Ya kusikika mpaka barabarani ndiyo kabisa, inataka kifua kizima, kimefunguka.

"Nimeridhika," alisema, na hapo ndipo walipoanza kumpiga kweli.